Dhidi ya Sisilia, si lazima uanze na vita

Kila nikikaa na vijana wanaojifunza sataranji, malalamiko huwa yale yale: nikianza na e4 mpinzani hunijibu c5, na baada ya hapo nazama. Jibu hilo la c5 ndilo Ulinzi wa Sisilia. Limependwa na wengi kwa sababu huvunja ulinganifu wa askari mapema na kumpa Mweusi mchezo wa moto. Anayeucheza kila siku amehifadhi kichwani hatua chungu nzima. Mwenye kazi na familia atamfikia lini?

Mimi huwashauri njia tulivu iitwayo Rossolimo, kwa jina la Nicolas Rossolimo, bingwa aliyezaliwa Kyiv na ambaye aliwahi kuendesha teksi New York. Ni hivi: e4, c5; farasi f3, farasi c6; kisha askofu b5.

Shabaha ni yule farasi wa c6. Mweusi akisogeza g6, mle farasi huyo. Akikulipiza kwa askari wa d, atabaki na askari wawili kwenye safu moja ya c, na wa safu moja hawalindani. Lakini naye amebaki na maaskofu wote wawili, silaha kali uwanja ukiwa wazi. Basi usiufungue. Weka askari d3, na mwingine h3 ili askofu wake asije g4 kumbana farasi wako. Mpeleke mfalme mahali salama, kisha tembeza farasi zako taratibu. Uwanja ukifungwa, farasi huruka ukuta, askofu huugonga.

Wapo wasemao huu ni woga. Fabiano Caruana aliitumia njia hii London mwaka 2018, akiwania ubingwa wa dunia dhidi ya Magnus Carlsen, katika mchezo wa 1, wa 3 na wa 5. Yote ilikwisha sare, na katika ule wa kwanza Carlsen ndiye aliyekaribia kushinda. Kwa hivyo sikuuzii dawa ya ushindi.

Unachopata ni kuchagua uwanja. Aliyekesha akikariri hujikuta kwenye mchezo unaodai kuelewa, na hapo nyote wawili mnaanza sawa. Kwa kijana anayekaribia kuuacha mchezo kwa kuchoka kupigwa, hilo si dogo.