Mtoto Akiombwa Kushiriki Utafiti: Mambo Ambayo Mzazi Anapaswa Kuyafahamu

Na Mwandishi Wetu

Mama amempeleka mwanawe kliniki. Kabla hajaondoka, mtumishi mmoja anamwita pembeni, anamweleza kuwa kuna utafiti unaoendelea, kisha anamkabidhi fomu yenye kurasa kadhaa na kumwomba atie saini. Mama anajiuliza: nikikataa, mwanangu ataendelea kuhudumiwa? Nikikubali, nani atamlinda?

Maswali hayo ni ya msingi na majibu yake yamo katika taratibu za utafiti. Mzazi akikataa, mtoto anaendelea kupata huduma zote anazostahili. Akikubali, saini yake haifuti haki hata moja ya mtoto, na anaweza kumtoa mtoto katika utafiti siku yoyote bila kuadhibiwa wala kunyimwa matibabu.

Kwa nini watoto wahusishwe

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa, hivyo dawa inayomfaa mtu mzima inaweza kumdhuru. Katika miaka ya 1950 ilibainika kuwa kloramfenikoli, dawa ya bakteria iliyotumika sana wakati huo, ilisababisha vifo vya watoto wachanga kwa kuwa miili yao haikuweza kuichakata. Kutowafanyia watoto utafiti wowote, kwa hiyo, si kuwalinda. Ni kuwapa dawa kwa kubahatisha.

Mfano wa karibu ni chanjo ya malaria ijulikanayo kama RTS,S. Kuanzia mwaka 2009, watoto 15,459 walishiriki majaribio yake katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwamo vya Bagamoyo na Korogwe hapa nchini. Watoto wa kundi la kulinganishia hawakuachwa mikono mitupu: walipewa chanjo nyingine yenye manufaa, ama ya kichaa cha mbwa au ya homa ya uti wa mgongo, kulingana na umri wao. Aidha, wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo walipoonekana kuwa wengi zaidi miongoni mwa waliopata chanjo ya malaria, jambo hilo halikufichwa. Lilifuatiliwa katika utoaji wa awali wa chanjo hiyo ulioanza mwaka 2019 nchini Ghana, Kenya na Malawi, na halikuthibitika kuwa madhara yake. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto.

Ulinzi unapolegea, gharama huwa kubwa. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, watoto wapatao 200 waliingizwa katika jaribio la dawa la kampuni moja ya kigeni, na 11 kati yao walifariki. Familia zilidai hazikuelezwa kuwa huo ulikuwa utafiti. Kampuni ilikana kutenda kosa. Mgogoro huo ulidumu miaka mingi mahakamani, hadi makubaliano ya fidia yalipofikiwa na Jimbo la Kano mwaka 2009.

Vibali kabla ya saini ya mzazi

Nchini Tanzania, saini ya mzazi ni hatua inayokuja baada ya nyingine kadhaa. Utafiti wa afya hupitiwa na Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Jaribio la dawa au chanjo huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa upande wa Zanzibar, jukumu la maadili ya utafiti wa afya lipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI).

Kamati ya maadili hupima masuala kadhaa. Je, jibu linalotafutwa haliwezi kupatikana kwa watu wazima? Je, hatari ni ndogo kulinganisha na manufaa? Mtoto akidhurika, nani atagharamia matibabu yake? Wajibu wa kamati hauishii katika kutoa kibali, kwani inaweza kukisitisha endapo usalama wa washiriki utatiliwa shaka.

Ridhaa ya mzazi na sauti ya mtoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 na inataka maslahi yake yapewe kipaumbele. Ndiyo maana ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Hata hivyo, mtoto aliyefikia umri wa kuelewa hana budi kuelezwa kwa lugha inayomfaa na kuulizwa kama yuko tayari. Mtoto akisema hapana, mtafiti anapaswa kuliheshimu jibu hilo.

Mzazi asiyejua kusoma anasomewa maelezo yote mbele ya shahidi asiye wa upande wa watafiti, kisha anaweka alama ya dole gumba. Nauli na muda uliotumika vinaweza kufidiwa, lakini malipo hayapaswi kuwa makubwa kiasi cha kumshawishi mzazi afumbie macho hatari.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kutia saini, mzazi anashauriwa kuuliza yafuatayo:

- Utafiti huu una kibali cha nani, na namba yake ni ipi?
- Mtoto atafanyiwa nini, mara ngapi, na kwa muda gani?
- Kuna madhara gani yanayoweza kutokea, na akidhurika atatibiwa wapi na kwa gharama ya nani?
- Damu na taarifa zake zitahifadhiwa wapi, na nani ataziona?
- Nikiwa na malalamiko, nimpigie nani nje ya timu ya watafiti?

Mzazi ana haki ya kubaki na nakala ya fomu, kwenda nayo nyumbani na kushauriana na familia kabla ya kuamua. Mtafiti makini hatamharakisha. Akiharakishwa, au akiambiwa kuwa matibabu ya mtoto yanategemea saini yake, asitie saini. Atoe taarifa kwa uongozi wa kituo cha afya au kwa kamati ya maadili iliyotajwa kwenye fomu.

Kuuliza si ujinga. Kwa mtoto asiyeweza kujiulizia mwenyewe, maswali ya mzazi ni sehemu ya ulinzi wake.