Kilimanjaro Niliyoiona Chennai

Nazi ya kwanza ilipasuliwa kabla ya saa kumi na moja alfajiri, mbele ya picha ya mtu mmoja, ndefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Maji yakaturukia miguuni. Juu ya jukwaa la mianzi kijana mmoja alikuwa amekumbatia ndoo, anaimwagia ile picha maziwa kuanzia utosini, kama wanavyoziosha sanamu za miungu hekaluni. Chini ngoma zinalia, fataki zinalipuka, na askari polisi amesimama pembeni anatabasamu.

Nikamuuliza mwenyeji wangu leo ni sikukuu gani.

"Akka," alinijibu, yaani dada, "leo picha inatoka."

Ilikuwa Ijumaa, 1 Oktoba 2010, Chennai, kusini mwa India. Nilikuwa nimempeleka baba kupasuliwa moyo, safari ambayo Watanzania wengi wanaijua. Upasuaji ulikwisha salama. Mzee alipewa wiki mbili za kupumzika katika nyumba ya wageni kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege, nami nilikuwa nimechoka kuhesabu vidonge. Mtoto wa mwenye nyumba, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na tiketi mbili na binamu mwenye homa.

"Nenda, mama," baba akasema. "Mimi na huu mshono hatuendi kokote."

Kwetu, picha la Kihindi ni picha la Kihindi, basi. Ukisema hivyo Chennai utasahihishwa haraka. Zile tulizokulia nazo ni za lugha ya Kihindi, zinatoka Mumbai. Hawa wanazungumza Kitamil na wana sinema yao, inayotengenezwa palepale mjini, ikaitwa Kollywood kwa jina la mtaa wa Kodambakkam. Wana mastaa wao pia, na staa huko si mtu wa mchezo. M. G. Ramachandran alitoka kwenye sinema akawa waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1977. Baadaye kiti hichohicho kikakaliwa na Jayalalithaa, aliyecheza naye picha nyingi.

Aliyekuwa anaogeshwa maziwa asubuhi ile ni Rajinikanth, umri miaka 59. Kabla ya kupata nafasi yake ya kwanza mwaka 1975 alikuwa kondakta wa basi Bangalore, anakata tiketi. Wala si Mtamil wa kuzaliwa; wazazi wake walikuwa Wamarathi. Watamil hawajali. Wanamwita Thalaivar, kiongozi.

Picha yenyewe iliitwa Enthiran, maana yake roboti, kazi ya mwongozaji Shankar, na ilitangazwa kuwa ghali kuliko filamu zote zilizowahi kutengenezwa India hadi siku hiyo. Taa zikazimwa. Jina la Rajinikanth likaanza kujiandika kwa vitone, herufi moja baada ya nyingine, na ukumbi mzima ukainuka. Sikusikia neno hata moja kwa dakika kadhaa. Vipande vya karatasi vilitunyeshea, watu wazima wanapuliza filimbi, mzee mmoja jirani yangu analia machozi ya kweli.

Maandishi ya tafsiri hayakuwepo, hivyo yule kijana akageuka Lufufu wangu. Wa Dar wanamkumbuka Lufufu, bingwa wa kutafsiri filamu za nje, sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Mwanasayansi anatumia miaka kumi kutengeneza roboti mwenye sura yake mwenyewe, anaitwa Chitti. Anamtia hisia. Chitti, kwa kuwa sasa ana moyo, anampenda mchumba wa mwanasayansi, Aishwarya Rai. (Nani asingempenda?) Anavunjwavunjwa, anatupwa jalalani, adui anamwokota na kumtia kifaa chekundu cha ukatili. Sisi tuliolelewa na sheria kwamba steringi hafi tulipata shida kidogo: humu steringi ni Rajinikanth, na adui ni Rajinikanth.

Baada ya nusu saa nilimwambia kijana apumzike. Ukumbi ulikuwa unanitafsiria. Nilijua mzaha kabla haujafika, kwa jinsi migongo ya mbele ilivyojiandaa kucheka.

Fedha zilionekana, sikatai. Mapigano yaliongozwa na Yuen Woo-ping, yule wa The Matrix. Sanamu za roboti zilitoka kwa mafundi Wamarekani waliorithi karakana ya Stan Winston, iliyotengeneza madude ya Jurassic Park. Mwishoni mamia ya akina Chitti wanaungana wakawa tufe, wakawa nyoka, wakawa jitu. Macho yangu yalichoka. Kilichouvunja ukumbi mbavu ni mbu: amemng'ata bibie, na Chitti akaenda kumtafuta mbu huyohuyo, kati ya mbu wote wa mjini, aje aombe radhi.

Na kabla hatujafika mwisho huo, bila hodi, ulikuja wimbo. Muziki wa A. R. Rahman, na neno la kwanza nililolielewa tangu asubuhi: Kilimanjaro.

Nimezaliwa Marangu. Nilishika kiti cha mbele nikisubiri Kibo itokee. Haikutokea. Palikuwa na kuta za mawe, matuta yaliyopangwa kama ngazi, vilele vya kijani vilivyochongoka, wachezaji wamevaa manyoya ya ndege. Ilikuwa Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, nchini Peru! Mtunzi wa maneno, Pa. Vijay, alikuwa amelioanisha jina la mlima wetu na Mohenjo-daro, magofu yaliyoko Pakistan, kwa sababu vina vinakubaliana. Basi: mlima wa Tanzania na mji wa Pakistan, vinaimbwa kwa Kitamil juu ya majabali ya Peru. Wimbo mwingine wa picha hiyohiyo ulipigwa picha kwenye vilima vya mchanga vya Brazil. Hakuna aliyeuliza wapenzi hawa wamefikaje huko. Wimbo ukianza, hadithi inapewa likizo. Mimi niliimba kile kiitikio na watu elfu moja nisiowajua, kwa sauti kubwa kuliko wote, maana ndiyo ilikuwa zamu yangu.

Nilimkuta baba amekaa kitandani.

"Shikamoo baba. Mlima umeimbwa."

"Marahaba. Wameuonyesha na theluji?"

"Hawakuuonyesha. Walikwenda kucheza Peru."

Akanyamaza. Kabla ya moyo kumsumbua alikuwa mpagazi kwa zaidi ya miaka ishirini, akibeba mizigo ya wageni. "Huko Peru walipanda mita ngapi?"

Nikashuka kwenye intaneti kafe iliyo chini, nikarudi na jibu: 2,430.

Alianza kucheka, kiganja kimeubana mshono, hadi nikaogopa nikataka kumwita muuguzi. Kituo cha kwanza cha kulala katika njia ya Marangu kiko kwenye mita 2,700 hivi.

"Hawajafika hata Mandara," alisema.