Kodi Iliyomo Ndani ya Umeme

Likizo iliyopita mama alinituma ninunue umeme wa shilingi 5,000. Nilipoingiza zile tarakimu 20 katika mita, uniti zilikuwa chache kuliko tulivyotazamia. Mama alidhani nimekula fedha, nami niliona uchungu sana. Baadaye niliisoma risiti vizuri, nikaona sababu.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo katika Tanzania Bara hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Asiponunua mwezi mmoja, deni humngoja mwezi ujao. Njia hii ina faida, maana hakuna kupanga foleni. Lakini ina udhia wake pia: mita haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Anunuaye ndiye akatwaye, ingawa kodi ni ya mwenye nyumba.

Basi, wenzangu, tuwasaidie wazazi wetu. Tuzisome risiti na kuzihifadhi, kisha mpangaji amwonyeshe mwenye nyumba kwa adabu, wapatane kupunguza pango. Mama alifanya hivyo, akapunguziwa; na jina langu likasafika.