Kidani cha Urithi: Ni Fedha ya Wapi?

Tuseme familia moja ya Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, imerithi kidani cheupe: kipande cha duara, kizito kuliko kinavyoonekana, kilichotobolewa ukingoni ili kipitishwe uzi. Mmoja asema ni cha Kireno, kwa kuwa Msumbiji si mbali. Mwingine asema kilitoka kwa wamisionari. Mnunuzi apitaye naye adai kwamba si fedha hata kidogo, ataja bei ya bati. Swali hilo lajibika, mradi lijibiwe kabla kidani hakijayeyushwa.

Kwanza kisomwe. Ikiwa upande mmoja waonyesha mtu mwenye masharubu, aliyevaa kofia ya kijeshi yenye sanamu ya tai, pamoja na jina GUILELMUS, huyo ni Kaisari Wilhelm II, na kidani ni rupia ya Kijerumani. Upande wa pili hueleza umri wake. Rupia za kati ya 1890 na 1902 zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, nazo zina simba na mnazi au mti unaofanana nao. Zile za tangu 1904 zilitolewa na serikali. Zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na herufi moja ndogo. A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Kwa rupia hizo wazee wetu walilipa kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, enzi ambazo Liuli yenyewe iliitwa Sphinxhafen.

Kama urithi ni kijiko au kikombe, itafutwe chapa ya sonara chini yake. Minara mitatu ni Denmark. Taji tatu ni Uswidi. 830S ni ya nchi hizo za kaskazini ya Ulaya, hasa Norway na Denmark, maana yake sehemu 830 za fedha katika kila elfu.

Maandishi yakiwa yamefutika, tutumie maji. Rupia mpya ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu elfu, 917 zilikuwa fedha na zilizobaki shaba. Sentimita moja ya ujazo ya mchanganyiko huo ina gramu 10.3 hivi. Iko metali nyingine nyeupe ambayo wafanyabiashara wa Ulaya waliipa jina la “fedha ya Kijerumani”, nayo haina hata chembe ya fedha: ni shaba, zinki na nikeli, na uzito wake ni gramu 8.7 hivi. Jina hilo limewapoteza wengi!

Kidani kipimwe kwanza kikiwa kikavu, kisha kining’inizwe kwa uzi mwembamba ndani ya maji, pasipo kugusa chombo, kipimwe tena. Kitapungukiwa na uzito sawa na ule wa maji kilichoyasukuma, kama alivyogundua Archimedes. Rupia halisi hupungua gramu 1.13, kipande cha bandia chenye uzito ule ule hupungua 1.34. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo mizani ya dukani haifai. Itafutwe ya sonara au ya maabara ya shule. Kuchakaa hakuharibu jibu, kwa kuwa tunagawanya uzito mkavu kwa upungufu. Lakini kishikio kilichochomelewa kwa metali nyingine huliharibu.

Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha, na mwaka 1948 hata robo hiyo ikaondolewa. Nayo pia ni nyeupe.

Mgodi wa asili ni jambo jingine. Fedha ya viwandani iliyeyushwa na kuchanganywa mara nyingi, hata maabara kubwa zikashindwa kuitenga.

Weusi ulio juu ya kidani ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani na ya moshi wa jikoni. Usisuguliwe kwa majivu wala mchanga, kwani herufi ile ya Hamburg ni ndogo sana, nayo hukwanguka pamoja na weusi.