Kabla Hujarukia Lugha Nyingine ya Kompyuta

Nilipoacha chuo, nilianza Python. Kabla haijaniingia vizuri, msee mmoja akaniambia pesa iko kwa JavaScript. Nikahama. Baadaye nikasikia soko ni programu za simu, nikahama tena. Bando likiisha, nasota hadi wiki ijayo. Mama naye anauliza, "Sasa hiyo kompyuta itakulipa lini?"

Kisha kazi ikajitokeza. Mwenye duka la dawa za mifugo hapa Eldoret alitaka mfumo wa kumwonyesha bidhaa zilizobaki na wateja wanaodaiwa. Lugha tatu nilikuwa nazo, ila kupanga data kwenye hifadhidata sikujua. Kazi ikaenda kwa mwingine. Iliniuma, sidanganyi.

Wengi wetu hatujui kwamba OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika nchi nyingi, una mizizi hapa hapa mjini. Mwaka 2004, wataalamu kutoka Indiana, Marekani, walikuja Eldoret kusaidia mradi wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi. Wagonjwa wa HIV walikuwa wakiongezeka kwa kasi na mfumo wa awali ulikuwa unalemewa. Mfumo mpya ukaanza kutumika hapa mwaka 2006.

Umeandikwa kwa Java, lakini nguvu yake iko kwenye mpangilio wa data. Daktari akitaka kurekodi kipimo kipya, kinaongezwa kwenye kamusi ya mfumo bila kubomoa kila kitu. Tena msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma bure, hata wewe usiye na shahada.

Kwa hivyo ukiniuliza ujifunze nini sasa, nitakuuliza: ni shida gani unataka kutatua? Kama ni malipo, soma Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Kama ni kumbukumbu za duka au zahanati, soma SQL. Lugha uliyo nayo ishikilie hadi umalize kitu kimoja kinachotumiwa na mtu halisi.

Mimi nilichagua SQL. Kazi yangu ya kwanza ni daftari la madeni la mama, anayeuza mitumba. Juzi aliuliza nani hajalipa. Nikabonyeza mara moja, majina saba yakatokea. Akacheka, akachukua simu, akaanza kuwapigia.