Bustani inayopokea mafuriko

BUSTANI ya umma si pambo tu. Nchini Singapore, Mto Kallang ulipita kando ya bustani ya Bishan-Ang Mo Kio katika mfereji wa saruji wa kilomita 2.7. Kufikia 2012, mfereji huo ulikuwa umebomolewa na mto kupewa njia ya kupindapinda ya kilomita 3.2. Kingo zake zimeshikiliwa na mawe na mizizi ya mimea. Jua likiwaka, watoto hucheza bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, bonde hilo hilo hupokea maji, na ving'ora huwaonya watu wapande juu.

Jijini Nairobi, mafuriko ya 2024 yaliua wakazi wa Mathare, kisha serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa kandokando ya mto. Ukanda huo ukipandwa maua na kuwekewa kibao cha "Usikanyage nyasi", mto hautakisoma.