Maniema: Gololi ndogo zinazosimamisha kinga kati ya Kasongo na Kabambare

Kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kinga ndiyo gari ya mfanyabiashara mdogo. Inabeba mchele, karanga, bidoni za mawese, mara nyingine mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ikijaa mzigo mwenyewe hapandi. Anaisukuma kwa miguu zaidi ya kilomita 100, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Uzito mkubwa unalala juu ya gurudumu la nyuma, na ndani ya kitovu chake unashikwa na gololi 18 tu, kila moja ndogo kuliko punje ya hindi.

Gololi zikianza kuisha, kinga inasema yenyewe. Gurudumu linacheza kushoto na kulia, kitovu kinalia kama kinasaga mchanga. Anayeendelea kusukuma hivyo anapoteza zaidi ya gololi: koni inachimbika, kikombe cha ndani kinaharibika, na hapo ni kitovu kizima cha kununua, pamoja na kazi ya kufunga upya njiti zote. Mchele unabaki kando ya njia na mvua haingoji.

Kupata gololi ni shida ya barabara kwanza. Barabara ya kitaifa namba 2, inayotoka Bukavu hadi Kasongo, ina vipande vibovu sana. Treni ya Kindu na Lubumbashi inapita ng'ambo ya Lualaba. Kabambare ni mbali zaidi, na upande wa Salamabila usalama umekuwa mdogo kwa miaka mingi. Ndiyo maana mwenye kusafiri afadhali abebe akiba yake kwenye kikopo chenye grisi.

Sokoni, shida nyingine ni kipimo. Kwa kinga za kawaida, gurudumu la nyuma linachukua gololi 9 kila upande, zenye milimita 6.35. La mbele linachukua 10 kila upande, milimita 4.76. Gololi ya milimita 6 kamili inafanana na ile ya nyuma kwa macho, lakini haifai. Dawa yake ni rahisi: beba moja ya zamani ambayo haijaisha sana, uiweke kando ya mpya na kuzibana kati ya vipande viwili vya chuma bapa. Tofauti itaonekana.

Kosa linaloharibu kinga nyingi ni kuchanganya. Mtu anakuta gololi tatu zimepasuka, ananunua tatu. Mpya ni kubwa kidogo kuliko zile zilizokwisha kulika, basi hizo tatu peke yake zinabeba mzigo wote na kupasuka tena. Zinabadilishwa zote, pande zote mbili.

Kufunga kunaanza na usafi. Kitovu kinaoshwa kwa petroli ya taa na kukaushwa kwa kitambaa. Kidole kinapitishwa ndani ya kikombe na juu ya koni. Ukisikia mashimo, gololi mpya hazitakaa muda mrefu, na koni inapaswa kubadilishwa pia. Grisi inajazwa kwenye kikombe, na ndiyo inayoshika gololi zisianguke wakati ekseli inarudishwa. Mawese yamejaa Kasongo, lakini si grisi: ni mepesi mno na hayakai ndani ya kitovu.

Kukaza ndiko kunakoonyesha fundi. Koni inakazwa kwa mkono mpaka ifike, inarudishwa nyuma kidogo, kisha nati ya juu inafungwa huku ufunguo mwembamba umeshika koni isizunguke. Gurudumu likiinuliwa lizunguke lenyewe, na ventili ishuke chini kwa uzito wake. Likishikwa kwa ukingo na kusukumwa pembeni, lisicheze.

Baada ya kilomita za kwanza na mzigo, nati inaangaliwa tena, maana grisi na gololi mpya hukaa mahali pake polepole. Upande wa mnyororo ndio wa kuangalia kwanza: ndipo ekseli inapopinda mara nyingi, na ekseli iliyopinda inakula gololi mpya ndani ya safari moja.